Kinu cha Upepo cha Wimbe: Kitabu na Senema Yake

Ng'ambo ya mto Songwe, ukivuka kutoka Isongole katika wilaya ya Ileje, iko Chitipa katika nchi ya Malawi. Walambya na Wandali wanakaa pande zote mbili za mto ule, na lugha zao ni za zamani kuliko mpaka. Ukishika njia ya kusini, ukapita Karonga na Mzuzu, hatimaye wafika Kasungu, nchi ya tumbaku na mahindi. Huko, katika kijiji cha Masitala karibu na Wimbe, ndiko alikokulia William Kamkwamba, aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye habari zake zimekwenda duniani kote. Leo nataka kupima kazi mbili zinazosimulia habari hizo. Ya kwanza ni kitabu alichokiandika pamoja na Bryan Mealer, mwandishi wa Marekani, kikachapwa mwaka 2009. Jina lake ni The Boy Who Harnessed the Wind, yaani Mtoto Aliyeufunga Upepo Nira. Ya pili ni senema yenye jina lilo hilo, iliyotengenezwa na Chiwetel Ejiofor na kutolewa mwaka 2019.

Huenda mtu akauliza, Je, mwalimu wa shule ya kijiji katika Mbozi ana haki gani ya kuhukumu vitabu na senema? Nami najibu kwamba walimu wengi siku hizi twazitumia kazi hizi kuwafundisha watoto habari za nguvu za upepo, maji na jua, tena kwa kuwapa kazi ya mikono, si kwa ubao na chaki tu. Mimi nilizitumia nikakosea, na kosa langu lilimgharimu mtoto mmoja. Kwa hiyo yanipasa kusema.

Jioni moja ya kiangazi vijana kutoka Tunduma walileta mashine ya senema kijijini kwetu, wakatundika shuka nyeupe ukutani. Watu wakajaa, wazee kwa watoto. Pampu ilipotoa maji ya kwanza, na mchanga mkavu ukalowa mbele ya macho yetu, akina mama walipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilifuta machozi. Kesho yake, ningali na joto la jana moyoni, nikawaambia watoto wa darasa la sita: "Mmeona. Naye alikuwa mtoto kama ninyi, tena hakuwa na kitu. Nendeni mkafanye vivyo hivyo." Maneno hayo yalikuwa matamu kinywani, wala sikufikiri zaidi.

Baada ya wiki mbili jirani yangu mmoja alikuja nyumbani jua likizama. Alikuwa akiburuta baiskeli isiyo na taa wala dainamo, na gurudumu lake la mbele limepinda. Tuliamkiana, nikampa kigoda, asikae. Akasema, "Mwalimu, hii ndiyo inayopeleka kahawa yangu chamani. Mwanangu ameiharibu. Nilipomwuliza, akasema wewe ndiwe uliyemtuma."

Nilikwenda kuiona kazi ya mtoto yule. Alikuwa amekata debe kwa kisu, akafanya mabawa manne, akayafunga moja kwa moja juu ya kichwa cha dainamo, akaisimamisha juu ya mti wa mkaratusi nyuma ya jiko la mama yake. Upepo ulikuwapo, na mabawa yalitetemeka, lakini hayakuzunguka, wala taa haikuwaka hata mara moja. Watoto wenziwe walimcheka wakampa jina, Bwana Upepo. Baba yake alimchapa. Siku tisa hakuja shuleni.

Basi usiku ule nilikitafuta kitabu, ambacho nilikuwa nacho tangu zamani bila kukisoma mpaka mwisho, nikakisoma upya kwa taa ya jua hata usiku wa manane. Hapo nikatambua kwamba nilikuwa nimewafundisha watoto senema, na ya kuwa senema na kitabu, ingawa vina jina moja, havisemi neno moja.

Katika senema mambo huenda hivi. Njaa imeingia, watu wanakufa, mtoto anafukuzwa shule kwa ada, anaingia maktaba kwa siri, anasoma habari za upepo, anambembeleza baba yake ampe baiskeli yake ya pekee, baba anakataa, kisha anakubali. Kinu kinasimama, pampu inavuta maji, mbegu zinaota katikati ya ukame. Kinu kimeishinda njaa. Hadithi ni nzuri, nayo imechezwa kwa ustadi. Ejiofor mwenyewe amekuwa baba, na mvulana wa Kenya, Maxwell Simba, amekuwa William. Watu wanasema Kichewa na Kiingereza kama wasemavyo watu wa huko, na picha zilipigwa katika nchi yenyewe ya Malawi, hata mtu wa Songwe huutambua udongo ule mwekundu kama wa kwake. Kwa hayo senema yastahili sifa.

Lakini kitabu chasema mengine. Njaa ya mwisho wa mwaka 2001 na mwanzo wa 2002 haikushindwa na kinu cha upepo. Ilikwisha mvua iliponyesha na mahindi mapya kukomaa, kama njaa zetu zilivyokwisha siku zote. Kinu kilisimama baadaye. Nacho kilipozunguka mara ya kwanza hakikuvuta maji, bali kiliwasha taa moja ndogo mkononi mwa kijana, mbele ya watu waliokuja kumcheka. Umeme wake ulikuwa kama wati 12. Pampu ya maji ilikuja miaka kadha baadaye, alipokwisha kujulikana na kupata marafiki wa kumsaidia kwa fedha.

Huenda msomaji akasema, "Senema ni senema, hapana neno. Mtengenezaji ana ruhusa ya kusogeza miaka." Nami sikatai ruhusa hiyo kwa mambo ya kawaida. Lakini hapa kilichosogezwa si mwaka, ni kipimo. Na elimu ya nguvu yote ni elimu ya vipimo. Tufanye hesabu, maana ni hesabu ya darasa la juu tu, nami nimeifanya na watoto ubaoni.

Wati 12 ni jouli 12 kwa kila sekunde. Kuinua lita 1 ya maji kutoka kisima chenye kina cha mita 10 kwahitaji karibu jouli 100. Katika saa moja zimo sekunde 3,600. Basi wati 12 zatoa jouli 43,200, ambazo zaweza kuinua lita 432, kama hakuna kinachopotea. Lakini pampu ndogo hupoteza hata nusu. Tuseme lita 216 kwa saa. Upepo ukivuma saa 10 kwa siku, tutapata lita 2,160. Sasa tazama shamba. Ekari moja ya mahindi katika jua kali hunywa kama lita 20,000 kwa siku. Kwa hiyo kinu kile kingenywesha sehemu ya kumi ya ekari. Hiyo ni bustani ya mchicha na nyanya ya mama mmoja, na si kitu cha kudharauliwa hata kidogo. Lakini si shamba la kijiji, wala si kinga ya njaa.

Mtoto aliyefanya hesabu hii hatavunjika moyo kinu chake kitakapowasha taa moja. Atasema, "Nimepata nilichotarajia." Mtoto aliyeona senema tu, hata akifanikiwa kama William alivyofanikiwa, atadhani ameshindwa. Hilo ndilo shitaka langu juu ya senema. Haikosi kwa kuonyesha ushindi. Yakosa kwa kuonyesha ushindi wa namna isiyokuwapo, ikaufanya ule wa kweli uonekane mdogo.

Tena kuna jambo la pili. Senema yaonyesha kijana akifikiri, akichora, akiokota vyuma, kisha kitu kimekamilika. Jinsi kifanyavyo kazi haielezwi ila kidogo. Kitabu chaeleza. Huko twasoma kwamba mabawa, yaliyotengenezwa kwa bomba la plastiki lililopashwa moto na kunyoshwa, yalifungwa katika feni ya trekta. Feni ikafungwa katika chuma cha shokamzoba. Nacho kikaizungusha pingili ya baiskeli, na mnyororo, na gurudumu la nyuma. Na gurudumu ndilo lililosugua kichwa cha dainamo. Mbona safari ndefu hivyo? Kwa sababu mabawa makubwa huzunguka polepole, na dainamo hutaka mbio. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 66 likizunguka mara 1, kichwa cha dainamo chenye kipenyo cha sentimita 2 huzunguka mara 33. Gurudumu ndilo lililofanya mwendo wa pole kuwa mbio.

Hapo ndipo nilipoliona kosa la mwanafunzi wangu. Alikuwa ameyafunga mabawa juu ya dainamo yenyewe. Macho yake yaliona mabawa na taa, hayakuona gurudumu, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kazi ya gurudumu. Wala hakuwa mjinga; alinakili alichoonyeshwa. Mimi nilimwambia "Fanya vivyo hivyo" kabla ya kumwambia "Tazama hivi."

Na sasa nikisifu kitabu. Sifa yake ya kwanza ni sura zake za njaa. Sijasoma maelezo ya njaa yaliyo wazi kuliko hayo: jinsi chakula cha jamaa kinavyopungua, mlo mmoja kwa siku, kisha tonge chache za sima kwa kila mtu, na baba akiwaomba watoto wasigombane, watu wakipita barabarani wakiomba kazi yoyote kwa chakula, na mbwa wake, Khamba, akikonda hata kijana anamchukua msituni na kumwacha huko, naye haisahau siku ile. Mwandishi hapaambi maneno ya huzuni. Asema lililotokea, akanyamaza. Wazee wetu wanaokumbuka miaka ya njaa watakitambua kitabu hiki kuwa ni cha mtu aliyekaa njaa.

Sifa ya pili ni kwamba kitabu hakimfanyi kijana kuwa mtu wa ajabu aliyeshuka kutoka mawinguni. Kabla ya kinu alikuwa amekaa miaka akifungua redio mbovu pamoja na binamu yake Geoffrey, wakijifunza kwa kuharibu. Alitengeneza kwanza kinu kidogo kwa mota ya kinanda cha kanda, kikaiimbisha redio, ndipo akathubutu kufanya kikubwa. Vitabu alivipata katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, na bibi mtunza maktaba, Edith Sikelo, alimwonyesha kamusi alipokwama, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa haba. Kitabu kilichomwamsha kiliitwa Using Energy, chenye picha ya vinu vya upepo juu ya jalada, naye alianza kwa kutazama picha, kisha akatafuta maana ya maneno yaliyo chini yake, moja moja. Dainamo haikuokotwa. Rafiki yake Gilbert aliinunua kwa kwacha 200 za fedha yake mwenyewe. Basi hesabu, msomaji: redio mbovu, binamu, maktaba, bibi mwenye subira, rafiki mwenye kwacha 200, na baba aliyeitoa baiskeli. Ukiondoa kimoja, hakuna kinu. Husema wahenga, kidole kimoja hakivunji chawa.

Sifa ya tatu, nayo kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba kitabu kinasimulia kushindwa. Baada ya kinu, kijana alijaribu kutengeneza pampu ya mkono kwa mabomba ya plastiki. Ikawa nzito mno, mama yake asiweze kuivuta. Alijaribu kupata gesi ya kupikia kwa kinyesi cha mbuzi ndani ya chungu cha mama yake, na matokeo yake yalikuwa uvundo na mama mwenye hasira. Waya zake zilipoleta hatari ya moto chini ya paa la nyasi, alitengeneza kifaa cha kukata umeme kwa misumari iliyozungushiwa waya na kipande cha sumaku. Na swichi zake alizikata kutoka katika ndala. Mwalimu atakaye kufundisha kwa mikono na asome sura hizo kwanza. Katika senema mambo hayo hayamo, maana senema haina nafasi kwa chungu kilichonuka. Lakini darasani chungu kile ndicho chenye mafundisho.

Je, kitabu hakina kasoro? Kinazo. Kwanza, yaonekana wazi kwamba kiliandikwa kwa wasomaji wa nchi za mbali. Mtu wa Momba hana haja ya kuelezwa kwa kirefu sima ni nini, wala jinsi mchawi anavyoogopwa, na mara nyingine nilijisikia kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake mwenyewe na mgeni. Pili, sura za mwisho zina haraka. Mwaka 2006 mkufunzi mmoja aliyekuja kukagua maktaba alikiona kinu, magazeti yakaandika, na Juni 2007 kijana alipelekwa Arusha, katika nchi yetu hii, akasimama mbele ya mkutano wa wataalamu wa dunia na kusema maneno machache ya Kiingereza cha woga. Kutoka hapo ni ndege, hoteli, shule za nje, na sifa juu ya sifa. Sina kinyongo na bahati yake; alisoma hata akahitimu chuo kikuu cha Dartmouth, Marekani, mwaka 2014. Lakini katika kurasa hizo kijiji chapotea, na msomaji kijana aweza kudhani kwamba tuzo ya kinu ni ndege. Tatu, si kitabu cha mafunzo ya ufundi, na mwalimu asidhani atajenga kwa kukifuata. Vipimo hana budi kuvitafuta mwenyewe.

Sasa nisimulie tulivyokitumia. Nilimwendea yule mzee, nikamwomba radhi mbele ya mwanawe, nikainyosha baiskeli kwa fundi kwa fedha yangu. Mtoto akarudi darasani. Nikaanza kuwafasiria watoto kitabu kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, dakika 20 kila alasiri. Tulipofika penye gurudumu na dainamo, nilipindua baiskeli yangu juu chini mezani, nikamwita Bwana Upepo azungushe pedeli kwa mkono. Taa ikawaka. Nikamwambia alegeze mwendo, ikafifia. Nikamwambia aiondoe dainamo kwenye gurudumu aizungushe kwa vidole, giza. Hakusema neno, ila aliitazama ile dainamo muda mrefu. Tangu siku hiyo jina lile la kumcheka halikusikika tena. Yeye mwenyewe alilichukua, akawa anajiita hivyo kwa fahari.

Ndipo msichana mmoja akanyosha mkono akauliza swali ambalo sikulitazamia. "Mwalimu, huo upepo utapika uji?"

Watoto wakacheka, lakini mimi sikucheka, maana namjua msichana yule. Katika shule nyingi za vijijini kuni za uji huletwa na watoto wenyewe, na wasichana ndio wabebao zaidi. Milima yetu ya Mbozi na Ileje twaijua jinsi ilivyokuwa na jinsi ilivyo. Barabarani magunia ya mkaa yamepangwa kama askari hata Tunduma. Kitabu chenyewe kinasema habari hiyo juu ya Kasungu: miti iliyokatwa kwa kukausha tumbaku na kwa kuni, na ardhi iliyobaki uchi mbele ya mvua.

Nikasema, "Tufanye hesabu." Sufuria ya uji yatia lita 20 za maji. Kuyatoa maji hayo katika baridi ya asubuhi ya Mbozi, nyuzi 20, hata kuchemka, ambako kwa urefu wa nchi yetu ni karibu nyuzi 95, kwahitaji kama jouli 6,300,000. Kwa wati 12 kazi hiyo itachukua saa 146, yaani siku 6 usiku na mchana. Darasa likanyamaza. Msichana akasema, "Basi upepo ni wa taa, si wa chungu." Katika miaka yangu ya kufundisha sijasikia mwanafunzi akisema jambo la nguvu kwa maneno machache hivyo. Mwanga wataka nguvu ndogo. Moto wataka nguvu nyingi. Asiyetenganisha hayo mawili, awe mtoto au waziri, atapoteza fedha.

Kwa hiyo tuliacha kinu tukaenda kwenye jiko. Watoto walifinyanga jiko la udongo wa kichuguu lililochanganywa na nyasi zilizokatwa, lenye kuta za kuzunguka sufuria, mlango mdogo wa kuni na njia ya moshi. La kwanza lilipasuka. Tulikuwa tumeliwasha kabla halijakauka. La pili lilisimama. Tukazipima kuni kwa mizani ya kahawa: siku moja tulipika kwa mafiga matatu, siku ya pili kwa jiko letu, uji ule ule, sufuria ile ile. Theluthi moja ya kuni ilibaki. Yule msichana ndiye aliyesoma mizani, naye aliandika hesabu ile kwa mkono wake juu ya ukuta wa jiko kwa mkaa, nayo ingalipo.

Nasema haya si kwa kujisifu, maana jiko la udongo ni jambo dogo. Mwaka 2024 serikali ilitangaza Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, wa kufika mwaka 2034, kwamba watu 80 katika kila 100 wawe wameacha kupikia moshi. Siku hiyo ikija, jiko letu litakuwa la makumbusho, nami nitafurahi. Lakini siku ile itawahitaji watu wanaojua kwa nini, si wanaopewa mitungi tu. Mtoto aliyekwisha kupima kuni kwa mizani atajua kupima gesi na umeme vilevile, wala hatadanganywa na mwuzaji.

Mwalimu Nyerere mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe pia mahali pa kazi. Shule nyingi zilisikia neno "kazi" zikasahau neno "elimu." Watoto wakalima shamba la shule, wakachota maji, wakakata kuni, na mara nyingine ikawa ndiyo adhabu. Mkono ulifanya kazi, akili ikapumzika. Sasa Sera ya Elimu, katika toleo lake la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Ni neno jema. Naogopa tu tusije tukarudia kosa lile kwa jina jipya. Tofauti kati ya mtoto anayebeba kuni na mtoto anayezipima si kubwa kwa macho, lakini mmoja yuko kazini, mwingine yuko shuleni.

Tena mtu asifikiri kwamba mambo haya ni ya vijana wa Malawi na wataalamu wa Ulaya. Masista Wabenedikto wa Chipole, katika mkoa wa Ruvuma, walijenga mtambo wa maji katika maporomoko ya Tulila, wa megawati 5, ukaanza kazi mwaka 2015. Wale ni masista, si kampuni. Mtambo wao ni mdogo ukiulinganisha na bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, lenye megawati 2,115. Lakini ni mkubwa mara mia nne elfu na zaidi kuliko kinu cha Wimbe. Waambie watoto watafute wenyewe mara ngapi. Hesabu hiyo moja itawapa adabu ya vipimo kuliko hotuba kumi.

Basi hukumu yangu ni hii. Senema itazamwe, kwa kuwa inaamsha. Lakini itazamwe baada ya kitabu au pamoja nacho, na mwalimu asimame mwisho aseme ni wapi ilipoacha kweli. Kitabu kisomwe, hasa sura za njaa, za maktaba, na za kushindwa. Sura za mwisho zaweza kupitwa haraka. Na kabla ya mwalimu kusema "Nendeni mkafanye," na awe ameshika baiskeli, mizani na ubao, akafanya yeye kwanza mbele yao, hata taa iwake na izimike, nao waone kwa nini.

Nimalize kwa neno kwa wazazi. Mtoto wako akifungua redio yako mbovu, usimchape kabla ya kumwuliza anatafuta nini. Akifungua nzima, mchape mwalimu wake kwanza, maana huenda ndiye aliyemtuma bila kumfundisha. Mimi ni mmoja wao, nami nimekiri.